Nilidhani ana mwingine, kumbe ni tezi!

Mpenzi msomaji, kama umeoa au umeolewa, basi kuna siku umeishika simu ya mwenzako roho ikiwa juu. Usikatae. Mimi nilifanya hivyo mwaka 2019, alfajiri ya saa kumi na moja, mke wangu akiwa anaoga, katika nyumba yetu ya kupanga pale Shinyanga mjini. Nilikuwa natafuta jina la mwanaume. Sikulipata. Badala ya kumshukuru Mungu nikajisemea moyoni, "Huyu mjanja, anafuta meseji."

Nasimulia kisa hiki kwa sababu nilibakiza kidogo sana nimrudishe mwanamke wa watu kwao Maswa, na mwenye makosa hakuwa yeye. Alikuwa ni kiungo kidogo cha shingoni, chenye uzito wa gramu ishirini hivi, ambacho hata jina lake nilikuwa silijui.

Yeye Shinyanga, mimi Geita

Mimi ni dereva wa yale malori makubwa ya kubeba mawe kwenye mgodi wa dhahabu mkoani Geita. Mama Kabula ni mwalimu wa sekondari Shinyanga. Ninyi wa ukanda huu wa Kahama, Geita na Shinyanga mnayajua maisha haya: mmoja mgodini, mwingine mjini, mapenzi kwenye vocha. Nakaa kambini wiki mbili, nakwenda nyumbani wiki moja. Wakati ule safari ilikuwa basi hadi Mwanza, kisha foleni ya pantoni pale Kigongo kuvuka kwenda Busisi, halafu Sengerema ndipo ufike Geita. Daraja la Kigongo na Busisi lilikuja kufunguliwa Juni 2025. Enzi zile ulikuwa unakaa kwenye pantoni na mawazo yako, na mimi mawazo nilikuwa nayo ya kutosha.

Shifti ya usiku kwetu inaanza saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Saa nane usiku tunapumzika kula. Siku moja nikampigia, siyo kwamba nilitegemea apokee, nilitaka tu akiamka aone kuwa nilimkumbuka. Akapokea kabla simu haijaita mara mbili. Tena anahema!

"Mbona hujalala, mama?"

"Usingizi hauji."

"Na mbona unahema hivyo?"

"Sijui, baba Kabula. Moyo unanienda mbio tu."

Kesho yake nikapiga tena saa ileile. Akapokea tena. Mpenzi msomaji, wewe ungewaza nini?

Ushahidi nilioukusanya

Kuanzia siku hiyo nikawa kama mpelelezi. Na niseme kweli, ushahidi ulikuwa mwingi ile mbaya.

Alikuwa anapungua. Mwanamke aliyekuwa na kilo 68 akafika 56 ndani ya miezi mitano, na wakati huohuo anakula kuliko mimi. Wali wa jana usiku anaumaliza asubuhi, michembe ya mtoto anaitafuna, na saa nne anaulizia maandazi. Mshikaji wangu mmoja kambini akaniambia, "Mwanamke akipungua bila kujinyima chakula, ujue kuna mtu anamfurahisha."

Chumbani akawa hataki kushikwa. Shuka anasukuma, dirisha anafungua. "Niache kwanza, nasikia joto." Viganja vimelowa jasho.

Hasira nazo! Kijiko kikidondoka, kelele. Mtoto akiuliza swali mara mbili, kelele. Baada ya dakika kumi analia na kuomba msamaha.

Siku zake zikaanza kuruka. Tulikuwa tunatafuta mtoto wa pili, mimi nikahisi anatumia njia za uzazi wa mpango kwa siri.

Na macho. Macho yake yalikuwa yamebadilika. Yalikuwa makubwa, yanang'aa, kama mtu aliyeshtuliwa. Mimi nikayaona kuwa ni macho ya mtu mwenye jambo.

Wapo pia waliomtazama na kuwaza lile ambalo watu wengi huliwaza mtu akikonda, hasa maeneo ya migodini. Tukaenda kupima Virusi vya Ukimwi wote wawili. Majibu yakatoka safi. Yeye alifurahi mpaka akalia. Mimi, shetani akishakuingia kakuingia, nikasema, "Basi kama siyo ugonjwa, imebaki ile nyingine."

Usiku huo nikayasema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Hakunijibu. Alikuwa ameshika kikombe cha chai, mikono ikawa inatetemeka mpaka kikaanguka. Kabula, wakati ule ana miaka minne, akaenda kujificha nyuma ya kochi. Nami nikauchukua ule mtetemeko nao nikauweka kwenye ushahidi: mwenye hatia hutetemeka.

Mama yangu ndiye aliyeona

Wengi hudhani mama mkwe ndiye huharibu ndoa. Ya kwangu iliokolewa naye. Mama alikuja kutoka Kishapu kumwona mjukuu, akakaa siku mbili bila kusema jambo. Siku ya tatu akaniita nje.

"Umemtazama mkeo machoni?"

"Nimemtazama, mama. Ndiyo maana nataka kumrudisha kwao."

Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, mimi nimepika kwa moshi miaka hamsini. Macho mekundu huku kwetu najua yanavyosemwa. Mpeleke hospitali kabla watu hawajaanza kumsema."

Mzaliwa wa Usukumani hahitaji tafsiri ya maneno hayo. Ni jambo lililoandikwa sana magazetini: vikongwe wa Shinyanga na Mwanza waliuawa kwa kuitwa wachawi, na dalili waliyosingiziwa ni macho mekundu, wakati mengi ya macho hayo ni kazi ya moshi wa kuni na samadi. Mama alikuwa ameona mwanamke mwenye macho yaliyobadilika, na mume ambaye badala ya kuuliza sababu alikuwa ameshatoa hukumu. Aliogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa.

Mara ya kwanza tulipokwenda kutibiwa tuliambiwa ni presha na mawazo, akapewa dawa za usingizi. Hazikusaidia. Pahali pa pili tulimkuta mganga kijana, hata ndevu hazijaota vizuri. Alimpima mapigo ya moyo: 124 kwa dakika, na mtu kakaa kwenye kiti. Akamwambia anyooshe mikono mbele, akamwekea karatasi juu ya vidole. Karatasi ikawa inatikisika kama jani. Halafu akamletea glasi ya maji.

"Mama, kunywa funda moja, umeze taratibu."

Alipomeza, nikaona kitu kikipanda na kushuka mbele ya shingo yake. Uvimbe laini, mdogo tu. Nimelala pembeni ya shingo ile miaka mitano na sikuwahi kuuona.

Tukaandikiwa barua ya kwenda Mwanza, kwenye hospitali ya rufaa.

Redio iliyoibiwa

Daktari wa Mwanza alikuwa mtu mzima, mpole, na aliponiuliza nafanya kazi gani nikamjibu, akacheka. "Vizuri. Basi wewe utanielewa haraka."

Akasema mwili una tezi ambazo hazina mrija wa kutolea nje kama tezi za jasho au mate. Hizi zinamwaga vitu vyake moja kwa moja kwenye damu. Vitu hivyo ndivyo homoni, na neno hilo lilianza kutumiwa na mwanasayansi Mwingereza, Ernest Starling, mwaka 1905. Alilitoa kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya kuchochea. Homoni ni mjumbe. Inatoka tezi moja, inasafiri kwenye damu, inafika kwenye kiungo kingine na kukiambia: fanya haraka, punguza, hifadhi, toa.

"Sasa mgodini kwenu," akasema, "kuna chumba cha kuongozea, sivyo? Wanawaita madereva kwenye redio." Nikamwambia ndiyo. "Kwenye mwili chumba hicho kiko chini ya ubongo. Ni tezi inaitwa pituitari, ndogo kama punje ya kunde. Inasikiliza damu muda wote. Ikiona homoni ya shingoni imepungua, inatuma amri: ongeza. Ikiona imezidi, inanyamaza, na tezi ya shingo nayo inapunguza."

Tezi hiyo ya shingo inaitwa thairoidi. Imekaa mbele ya koo, umbo lake kama kipepeo. Homoni zake zinapanga kasi ya mwili mzima: moyo udunde namna gani, chakula kiungue haraka kiasi gani, joto la mwili, usingizi, tumbo, siku za mwanamke, hata utulivu wa akili.

Nikauliza, "Sasa kwa mke wangu chumba cha kuongozea ndicho kimeharibika?"

"Hapana. Chumba kimenyamaza kabisa. Tazama kipimo hiki, amri kutoka pituitari imeshuka karibu na sifuri. Lakini homoni ya shingoni iko juu sana. Maana yake kuna mtu kaiba redio."

Mwizi huyo ni askari wa mwili wenyewe. Kingamwili ambazo kazi yake ni kupigana na vijidudu zimekosea njia, zimekwenda kukaa kwenye thairoidi na kuigiza sauti ya pituitari: ongeza, ongeza, ongeza. Tezi haijui kama amri ni ya bandia. Inatii tu. Ugonjwa huu unaitwa Graves, kwa jina la daktari wa Ireland, Robert Graves, aliyeueleza mwaka 1835. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na wengi wao ni watu wa umri wetu huu wa kulea na kuhangaika na kazi.

Nikausoma upya ushahidi wangu

Nilikaa kwenye benchi pale nje nikaanza kuhesabu upya. Saa nane usiku hajalala: thairoidi imezidi, ubongo haupoi. Anahema: moyo unapiga 124. Anakula na kukonda: mwili unaunguza chakula kuliko anavyoingiza. Hataki kushikwa: ndani yake kuna joto la tanuri, mimi namwekea mkono na blanketi. Siku zinaruka: homoni hii ikizidi, mpangilio wa homoni za uzazi nao unayumba, na kushika mimba kunakuwa kugumu. Hasira na machozi: mwili umekaa kwenye hali ya hatari usiku na mchana.

Hapo daktari alikuwa amenieleza jambo jingine. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, inaitwa adrenali. Ukishtuka, ukikoswa na gari, hiyo ndiyo inamwaga adrenalini: moyo unadunda, mikono inatetemeka, jasho linatoka. Thairoidi ikizidi, mwili unaisikia adrenalini kuliko kawaida, hata ile kidogo tu. Mwanamke huyo alikuwa anaishi kama mtu anayekoswa na gari kila saa. Halafu nyumbani kuna mume anayemfokea.

Na macho? Kingamwili zilezile huvamia nyama zilizo nyuma ya jicho, zikavimba na kulisukuma jicho mbele. Hakukuwa na siri machoni mwake. Hata moshi wa sigara huyazidisha macho ya namna hiyo, na mimi nilikuwa navuta ndani ya nyumba. Niliacha siku hiyohiyo pale Mwanza, pakiti nikaitupa kwenye pipa la taka la hospitali.

"Na wewe baba unalala saa ngapi?"

Nilidhani yameisha. Daktari akanigeukia. Akanipima presha, akanitoa damu ya sukari. Sukari ilikuwa imepanda kidogo, siyo kisukari bado, ila iko njiani.

Akanieleza kuwa giza likiingia, tezi nyingine ndani ya ubongo inatoa melatonini, kuuambia mwili kwamba ni usiku. Kukikaribia kucha, adrenali inapandisha kortisoli ili uamke na nguvu. Mtu wa shifti ya usiku anashindana na vyote viwili: anaendesha wakati mwili unasema lala, analala wakati mwili unasema amka. Na ugali wa saa nane usiku unaikuta insulini ya kongosho haifanyi kazi vizuri kama mchana, sukari inabaki kwenye damu. Ndiyo maana wafanyakazi wa shifti wa miaka mingi wako kwenye hatari zaidi ya kupata kisukari. Na mtu asiyelala vizuri hukasirika haraka na kuona ubaya hata pale usipokuwepo.

Kwa hiyo kwenye ile nyumba tulikuwa wagonjwa wawili. Mmoja tezi yake inapokea amri za bandia, mwingine saa ya mwili wake imegeuzwa. Na yule wa pili ndiye aliyejifanya hakimu.

Simlaumu mtu wala kazi yangu, kazi inatulisha. Ila nilijifunza kufunga mapazia mazito nikilala mchana, kula chakula kizito kabla shifti haijaanza na kula kidogo usiku, na kutoanzisha mjadala wowote mzito wa nyumbani siku ya kwanza nikitoka usiku. Hilo la mwisho lingeniokoa na mengi.

Matibabu siyo siku moja

Alipewa vidonge vya kabimazoli vya kuzuia tezi isitengeneze homoni nyingi, na kwa muda mfupi propranololi ya kutuliza moyo na mtetemeko. Ndani ya wiki chache mkono ukatulia, akaandika ubaoni mstari ulionyooka. Tulionywa mambo mawili. La kwanza, akipata homa na koo kuuma asisubiri, aende hospitali kupima damu, kwa sababu mara chache dawa hiyo hushusha askari weupe wa damu. La pili, mtoto wa pili asubiri mpaka tezi itulie, na tukitaka mimba tuanze kwa daktari, kwa sababu dawa huenda ikabidi ibadilishwe.

Mama naye, kwa upendo wake, akaleta chumvi ya madini joto pakiti sita. Ikabidi aelezwe. Rovu la kukosa madini joto ni jambo jingine: hapo tezi inakosa malighafi, pituitari inazidi kuisukuma, nayo inavimba. Kwa hilo ndiyo maana serikali ilianza kudai chumvi iwekwe madini joto miaka ya 1990, na nyumba yoyote inapaswa kutumia chumvi hiyo. Lakini ugonjwa wa Graves hautibiwi kwa kuongeza chumvi, na madini joto mengi kupita kiasi yanaweza kuuchochea.

Kisha ikatokea kinyume! Oktoba, Shinyanga inawaka jua, mke wangu anaomba sweta. Usingizi saa mbili usiku, mwili umevimba, ngozi kavu, kila kitu polepole. Dawa ilikuwa imeizuia tezi kupita kiasi. Dozi ikapunguzwa, akarudi sawa. Ila fikiria: miezi michache nyuma angeitwa malaya, sasa angeitwa mvivu. Mwanamke ni yuleyule.

Dawa alimeza mwaka mmoja na nusu. Wapo ambao ugonjwa hurudi, nao hufanyiwa upasuaji au hupewa madini joto yenye mionzi ya kuipunguza tezi. Yeye mpaka sasa umetulia, anapima damu kila mara anapoambiwa. Kabula ana mdogo wake, wa kiume.

Sehemu isiyokuwa na kidonge

Usiku mmoja, akiwa ameshapata nafuu, nilimwomba msamaha rasmi, mbele ya mama. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Baba Kabula, dawa ya tezi nimepewa Mwanza. Dawa ya yale maneno utaitafuta wewe."

Bado naitafuta. Siku nyingine naona nimeipata, siku nyingine anakumbuka na kunyamaza.

Ndugu msomaji, sisemi kila anayeamka usiku ana thairoidi, wala kwamba hakuna wasaliti. Nasema hivi: mwenzako akibadilika ghafla, akakonda au kunenepa bila sababu, akawa na joto au baridi isiyoeleweka, usingizi ukapotea au ukazidi, hasira zikaja bila chanzo, moyo ukamwenda mbio, anza na hospitali. Mwombe daktari aitazame shingo, na damu ipimwe homoni za thairoidi. Muendeni wote wawili. Majibu yakiwa safi, mtakuwa mmepoteza nusu siku tu. Mimi kwa kutofanya hivyo nilipoteza zaidi.

Juzi nilikuwa shifti ya usiku. Saa nane, kwenye mapumziko ya kula, nikampigia kama zamani. Simu iliita, ikaita, mpaka ikakatika. Hakupokea. Amelala. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kutopokelewa simu.